Fundi wa Nne

SEHEMU YA KWANZA

Alhamisi ile nilikuwa juu ya jukwaa la mirunda mtaa wa Kiponda, mwiko mkononi na chokaa hadi viwikoni, kijana wetu anayechanganya udongo aliponipigia kelele kutoka chini.

"Bi Chokaa! Simu yako hiyo, italipuka!"

Jina hilo nilipewa na watoto wa mtaa, nalo limeniganda. Nikashuka, nikapokea kwa kidole cha mwisho nisiichafue. Alikuwa karani wa masjala wa taasisi ile tuliyopeleka zabuni.

"Barua yako imetoka. Njoo mwenyewe, usitume mtu."

Sikungoja kuoga. Nilisuuza mikono ndooni, nikavaa buibui juu ya nguo za kazi, nikakata vichochoro vya Hurumzi hata nikatokea barabarani. Saa tisa na robo nilikuwa dirishani pa masjala, walinzi wameshaanza kufunga milango ya upande wa pili. Karani hakuniangalia usoni. Alinisukumia daftari nitie saini, kisha bahasha.

Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Taasisi ilikusudia kuipa kampuni nyingine mkataba wa kukarabati nyumba ya serikali ya ghorofa tatu, Mkunazini, kwa shilingi milioni 241. Sisi tuliomba milioni 186. Sababu ya kututoa ilikuwa mstari mmoja tu: zabuni yenu haikuambatanishwa na dhamana ya zabuni. Chini yake wameandika kwamba mwenye malalamiko ayalete kwa maandishi kabla ya saa nane mchana, Jumatano.

Dhamana! Karatasi ile ndiyo iliyokula vikuku vya mama. Benki haimpi fundi mdogo dhamana kwa uso wake; inataka kwanza fedha ikae kwao. Mama alivua vikuku vyake vya dhahabu vya harusi, akavipeleka kwa sonara mwenyewe, akarudi mikono mitupu na hakunung'unika hata neno. Na siku ya kufungua zabuni karani alisoma kwa sauti mbele yetu sote: jina la mzabuni, bei, dhamana. Yetu aliisoma. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Kampuni iliyoshinda naijua, mji mzima unaijua kwa magari yake meupe. Ng'ambo wanajenga vizuri, sitawasingizia. Lakini humu Mji Mkongwe mkono wao ni saruji, na saruji kwa nyumba zetu ni maradhi. Ukuta wa hapa ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Unyevu unaingia na unatoka. Ukiupaka saruji, unyevu unakosa njia, chumvi inajazana ndani, plasta inavimba na kubambuka. Ubaya zaidi hauonekani: vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza kimyakimya, nje nyumba inang'aa kama bibi harusi, mpaka usiku mmoja dari inashuka na waliolala chini yake.

Nyumba ile ya Mkunazini wanaishi watu. Ni katika nyumba zilizoingia mikononi mwa serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, na ghorofa ya pili yumo bibi kizee ambaye jikoni kwake ameegemeza dari kwa mrunda. Nilipokwenda kupima, alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, hii itasubiri masika?" Tangu Beit el Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilipoanguka upande Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, swali hilo halina mzaha hapa kwetu.

Nilipofika nyumbani Malindi, nilimkuta ami amekaa ukumbini na mama, vikombe vya chai ya viungo mbele yao. Habari zilikwisha kunitangulia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kaa." Akangoja nikae. "Nasikia unataka kushitaki."

"Sijasema neno, ami. Barua ninayo mkobani bado."

"Hujasema, lakini nakujua. Sasa nisikilize. Anayesimamia ununuzi pale ni mume wa binti yangu. Ukiandika malalamiko, unamwandika yeye. Siku ya Idi tutakaa sinia moja na nani?"

Mama alikuwa akiangalia mikono yake, pale palipokuwa na vikuku.

"Shemeji," alisema taratibu, "mtoto amepoteza haki, na wewe unamhesabia sinia?"

Ami akamaliza chai yake, akaniambia kama ni lazima nishitaki basi niende Bara, akaaga. Usiku nikampigia kaka yangu, ambaye kwa miezi sasa yuko Nungwi akifanya kazi za mahoteli. Nilidhani atawaka kuliko mimi. Kaka ndiye aliyekuwa akichoma tanuu na marehemu baba tangu utotoni. Kampuni imeandikwa jina langu kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda skuli.

"Achana nayo, mdogo wangu," alisema. "Kazi zipo nyingi. Usijitafutie maadui." Akakata kabla sijamuuliza lini anarudi.

Asubuhi nikaenda Vuga kwa wakili, shoga yangu wa tangu skuli ya Ben Bella. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Ami amesema niende Bara, wana mamlaka ya rufani za zabuni," nikamwambia. "Naona alitaka nipotelee baharini."

Akacheka. "Kweli wanayo, lakini haitusikilizi sisi. Ununuzi wa Serikali ya Mapinduzi si jambo la Muungano. Tuna sheria yetu, Namba 11 ya mwaka 2016. Kwanza unamlalamikia mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni. Asipokuridhisha, ndipo unakata rufaa. Na shoga, barua yako isiandike 'wamekula' wala 'wamenionea'. Andika siku, saa, nani alisema nini. Una ushahidi gani kuwa dhamana ilisomwa?"

"Upo muhtasari wa ufunguzi. Wazabuni wote tulitia saini."

"Basi umepona. Kaombe nakala."

Jumatatu nikaomba. Walinikalisha kwenye benchi mpaka saa saba, wakaniletea karatasi mbili za fotokopi. Nikafunua ya pili kwanza. Saini yangu ilikuwepo, yangu hasa, na pembeni yake alama ya dole gumba niliyoiacha siku ile kwa mkono wenye vumbi la chokaa. Moyo ukatulia.

Ndipo nikafunua ya kwanza. Kwenye jedwali, mstari wa kampuni yetu, safu ya dhamana, palipigwa chapa neno moja kwa herufi kubwa.

HAKUNA.

Na nimelitilia saini mimi mwenyewe.

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Bi Chokaa amepata nakala ya muhtasari wa ufunguzi wa zabuni. Saini ni yake, lakini muhtasari unasema dhamana yake haikuwepo. Sasa endelea.

Wakili aliziweka karatasi mbili mezani, akavua miwani.

"Ulisoma ulichokitilia saini?"

"Nilisoma. Palikuwa pameandikwa 'Ipo'."

"Hiyo ni kauli yako dhidi ya saini yako, shoga. Kwa hapa tulipo, saini ina nguvu zaidi."

Nikazichukua tena. Kazi yangu ni kuangalia ukuta uliotiwa kiraka na kujua kiraka kilianzia wapi, hata kikipakwa rangi namna gani. Nikazielekeza karatasi dirishani. Kwenye pembe ya juu ya ukurasa wa pili, fotokopi ilikuwa imechukua vidoti vyeusi vidogo: matundu ya pini. Vidoti vinne. Kwenye ukurasa wa kwanza, vidoti viwili.

"Angalia hapa," nikamwambia. "Ukurasa wa pili umebanwa mara mbili. Wa kwanza mara moja."

Akaegama, akaangalia kwa muda mrefu. "Ukurasa wa kwanza umebadilishwa."

"Inatosha?"

"Kunitosha mimi, ndiyo. Wao watasema pini ililegea wakabana upya. Tafuta mtu aliyekuwemo chumbani siku ile."

Tulikuwa wazabuni wanne. Mmoja ndiye aliyeshinda. Mwingine alirudi Dar es Salaam na simu yake haipatikani. Akabaki fundi seremala mmoja wa Kipemba mwenye karakana ya milango Mwembetanga, mtu ambaye baba aliwahi kugombana naye kwa ajili ya mbao za mvule, wakaacha kusalimiana. Jumanne, baada ya sala ya alasiri, nikamwendea.

Alikuwa akichonga fremu ya mlango, mnyororo na maua ya yungiyungi, patasi ndogo ikitembea juu ya mbao bila yeye kuiangalia. Hakusimamisha kazi.

"Najua kilichokuleta," alisema. "Mimi sitaki kesi, binti. Nina zabuni nyingine kwa watu hao hao. Nina wanafunzi sita hapa wanakula kwangu."

"Sitaki uje kusema, baba. Nataka unambie tu kama nilisikia vibaya."

Patasi ikaendelea kutembea. Nikamtakia alasiri njema, nikageuka. Nilikuwa nimeshavuka kizingiti aliponiita.

"Marehemu baba yako alinidhulumu mbao."

"Nimesikia hivyo. Mungu amsamehe."

"Alikuja kunilipa. Kabla hajafa, usiku, peke yake, hakumwambia mtu." Akaweka patasi chini, akafuta mikono kwa kanga iliyochakaa, akatoa simu. "Mwenzangu wa Wete tumeshirikiana zabuni ile, na mimi kuandika haraka siwezi. Nilimrekodia yote."

Sauti ilianza na viti vinavyoburutwa, kikohozi, feni ya dari inayolia. Kisha karani, sauti ile ile ya masjala, akisoma kama anayesoma orodha ya wanafunzi: "Mzabuni namba tatu. Bei, shilingi milioni mia moja themanini na sita. Dhamana ya zabuni, ipo, ya PBZ. Mzabuni namba nne..."

Nililia pale pale kwenye vumbi la mbao. Yule mzee akajifanya anatafuta patasi.

Jumatano saa tano asubuhi malalamiko yetu yalikuwa yameshagongwa muhuri wa kupokelewa: kurasa tatu, nakala ya barua ya benki, na sauti ndani ya kidude cha kuhifadhia. Hakuna tusi hata moja. Wakili aliyafuta yote kwa kalamu nyekundu.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Safari hii karani wa masjala aliniangalia usoni, akatabasamu kidogo, nami sikujua kama ni heri au shari. Taasisi ilikiri: suala la dhamana lilikuwa "kosa la uchapaji" na limerekebishwa. Nikataka kupiga kigelegele barabarani. Nikasoma aya iliyofuata.

Pamoja na marekebisho hayo, iliandika barua, uamuzi haubadiliki. Kazi ni ya jengo la urithi ndani ya Mji Mkongwe, mji ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, na inahitaji fundi mkuu wa chokaa. Kampuni yangu haikuonesha fundi mkuu mwenye cheti. Mshindi ameonesha fundi mwenye uzoefu wa miaka 40 na cheti cha mafunzo ya ukarabati.

Hapo ndipo waliponigusa kwenye kidonda. Tangu baba afariki hatuna mwenye cheti. Mimi nina diploma ya ujenzi, na chokaa nimejifunza kwa kumshikia baba karai. Kaka ndiye mwenye mkono wa baba. Anajua kwa kunusa tu kama chokaa imekaa shimoni muda wa kutosha. Lakini kaka hana karatasi hata moja.

"Hapa wana hoja," alisema wakili kwenye simu. "Kama fundi huyo yupo, bei yako ndogo haitakuokoa."

Kama yupo. Maneno hayo yalinitembelea kichwani tangu Vuga hadi Soko Muhogo. Miaka 40 ya chokaa! Kuchoma mawe juu ya magogo ya minazi usiku kucha, kuizima chokaa kwa maji ikichemka na kufoka, kuilaza shimoni miezi, kupiga sakafu ya dari kwa vigongo vya mbao siku baada ya siku mpaka ishikane. Watu wa kazi hiyo si wengi Unguja. Ni watu wanaojulikana kwa majina, na kwa majina ya mama zao.

Jaws Corner wazee walikuwa wamejaa barazani, kahawa na kashata, redio inasoma habari ambazo hakuna anayezisikiliza. Nikasimama kando, nikamwashiria ami. Alikuja ameukunja uso. Tangu malalamiko alikuwa akinijibu salamu kwa kichwa tu.

"Ami, nisaidie jambo moja, kisha uninunie. Mafundi wa chokaa wenye miaka 40 na cheti juu yake, wako wangapi mji huu?"

Akadhani ni mtego. Lakini mzee ukimwomba ahesabu watu wa zamani, hawezi kukataa. Akawageukia wenzake, na baraza zima likaingia kwenye hesabu.

"Yule wa Kizimkazi."

"Huyo ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Atapaka nini?"

"Yule wa Kajificheni, mwembamba."

"Wanawe wamemchukua Muscat tangu kabla ya korona. Harudi."

"Hamisi mliyekuwa mkimwita... la, huyo alikuwa wa saruji." Wakacheka.

"Yule wa Shangani, mwenye baskeli."

"Alipata kiharusi. Nilimtembelea juzi, maskini, hata kikombe anashikiwa."

Ami akanyoosha vidole vitatu, akavitazama. "Watatu. Na walikuwa wanne. Wanne waliopata vyeti pamoja, wakati Aga Khan wanaifufua Zahanati ya Kale, miaka ile ya tisini." Akanyamaza. Kikombe cha kahawa kikabaki hewani.

"Nani wa nne, ami?"

Baraza lote lilikuwa likiniangalia mimi.

"Wa nne," alisema ami kwa sauti ya chini, "tulimzika Mwanakwerekwe, mfungo sita, mwaka juzi. Fundi wa nne ni baba yako."

SEHEMU YA TATU

Ilipoishia: Taasisi inadai mshindi ana fundi mkuu wa chokaa mwenye cheti na uzoefu wa miaka 40. Mwenye sifa hizo aliye mzima hakuna. Wa nne ni marehemu baba yake Bi Chokaa. Sasa endelea.

Cheti cha baba kilikaa ndani ya kasha la mama, chini kabisa, kwenye bahasha ya plastiki pamoja na hati ya ndoa na picha moja ya baba akiwa juu ya roshani za mbao za Zahanati ya Kale, kijana, kofia imeinamia sikio. Nilitoa kanga zote, nikatoa doti za leso ambazo hazijakatwa, nikaifikia bahasha. Hati ya ndoa ilikuwepo. Picha ilikuwepo.

Mama alikuwa ukumbini akichambua mchele kwenye ungo.

"Mama, cheti cha baba kiko wapi?"

"Si kimo kashani?"

"Hakimo."

Ungo ukatikiswa, chuya zikaruka. "Basi sijui. Na wewe mwanangu, wacha kumfukua baba yako kwa ajili ya zabuni."

Sikumjibu. Funguo ya kasha anayo mama, na mwengine aliyewahi kupewa ni kaka. Nikatoka hadi ngazini, nikampigia. Iliita mpaka ikakata. Usiku wa manane akanipigia yeye.

"Umeshajua," alisema.

"Umewapa cheti cha baba?"

"Nani aliyechoma tanuu na baba? Wewe? Nani aliyeitengeneza sakafu ya msikiti ule wa Malindi, watu wanausifu mpaka leo na wanasema ni kazi ya baba? Baba alikuwa amekaa kitini mgonjwa. Ni mkono wangu ule." Alikuwa anapumua kwa nguvu. "Wewe alikupeleka skuli, ukaandikiwa kampuni. Mimi alinipa kazi. Hawa watu wamenitaka kwa ufundi wangu, mdogo wangu. Wananilipa kama fundi mkuu. Kitu pekee walichokosa ni karatasi."

"Karatasi ya maiti, kaka."

"Mkono ni wa mtu hai," alisema, akakata.

Sikulala. Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa kweli nusu yake. Nyumba ya Mkunazini ikiachiwa kaka, bibi kizee wa ghorofa ya pili atalala salama kuliko ikiachiwa mimi. Lakini je, atakayepaka ni kaka, au kaka ataoneshwa siku ya kwanza, kisha mifuko ya saruji ishushwe usiku?

"Unakata rufaa au huikati?" wakili aliniuliza asubuhi. "Sitakulaumu. Ukishinda, kaka yako anaweza kuishia kwa watu wa kupambana na rushwa. Kughushi si mchezo."

"Nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, mkataba unasainiwa wiki ijayo."

Nikamwambia akate. Nilimwomba jambo moja: rufaa isitaje jina la kaka. Iulize tu, fundi mkuu huyu ni nani, na je, yu hai?

Siku ya kusikilizwa rufaa mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Tulikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na viyoyozi viwili, kimoja kikidondosha maji kwenye ndoo. Jopo lilikuwa la watu watatu, mwenyekiti akiwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Upande wa kulia walikaa watu wa taasisi, mume wa binti ami akiwa miongoni mwao, macho yake kwenye faili. Kushoto, mkurugenzi wa kampuni ya magari meupe, kanzu imepigwa pasi hata inakata. Nyuma yetu alikaa mama. Sikumwalika. Nilimkuta ameshafika kabla yetu, amejitanda leso nyeusi, mkoba mapajani. Ami alikuwa karibu naye, na sikujua kama amekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya mkwewe.

Wakili alisimama. Alieleza dhamana, akaeleza vidoti vya pini, akaicheza ile sauti. Mwenyekiti akaomba ichezwe tena. Mtu wa taasisi akasema suala hilo lilishakwisha, lilikuwa kosa la uchapaji.

"Chapa inaweza kukosea herufi," alisema mwenyekiti. "Hii imekosea ukurasa mzima. Tutalirudia. Endelea, wakili."

"Mheshimiwa, tunabaki na swali moja. Taasisi imesema ushindi umesimama juu ya fundi mkuu wa chokaa. Tunaomba faili la mshindi lifunguliwe, jopo lituambie cheti kilichomo ni cha nani."

Mwenyekiti akavaa miwani. Karatasi zikafunuliwa moja moja. Alipofika penyewe alisimama, akasoma kimya, kisha akainua macho akaniangalia mimi, akaangalia jina la baba yangu kwenye barua yetu, akarudi kwenye faili.

"Mkurugenzi," alisema, "fundi huyu mkuu uliyemwandika hapa yu hai?"

Nilingoja ababaike. Hakubabaika.

"Yu hai, mheshimiwa, na ni mzima wa afya. Tulijua litaulizwa, tumekuja naye. Yuko nje."

Wakili akanishika mkono chini ya meza. Mlango ukafunguliwa, akaingia kaka.

Alikuwa amevaa kofia ya viua ya baba, ile ya Idi. Hakunitazama. Alitembea mpaka kwenye kiti cha shahidi, akaweka mikono mezani, na kila aliyekuwemo chumbani akaiona: vidole vimepasuka, mistari ya chokaa imeingia kwenye nyufa za ngozi, haitoki kwa sabuni wala kwa mafuta. Mjumbe mmoja wa jopo akatikisa kichwa kwa heshima. Mikono ile ilikuwa shahidi tosha, na ndiyo ilikuwa hatari yake.

"Utakula kiapo kwanza," mwenyekiti akamwambia. "Kisha utataja jina lako kamili, la baba yako na la babu yako, na utaliambia jopo cheti hiki ni chako au si chako."

Msahafu ukaletwa. Kaka akaweka mkono wa kulia juu yake. Ulikuwa ukitetemeka. Akaapa neno kwa neno, sauti ikikwama kooni, kisha akafungua kinywa ataje jina, na kwa mara ya kwanza akaniangalia.

"Akitaja jina la marehemu," wakili alininong'oneza, "inakubidi usimame umkane. Uko tayari?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Nyuma yetu kiti kilisogea.

"Mheshimiwa," ilisema sauti ya mama, "kabla mwanangu huyu hajajitia motoni, nina neno."

"Mama, utulie, huna zamu..."

"Nitatulia kaburini. Cheti hicho ni cha mume wangu, nimeishi naye miaka thelathini na tano. Kashani nimekitoa mimi, kwa mkono wangu. Mwanangu wa kiume alikikuta mezani kwa hao waliomwajiri, akadhani nimempa ruhusa. Hakuniuliza, nami nikaona haya kusema." Alifungua mkoba, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka mezani mbele ya jopo. Fundo lilipofunguliwa, nilivitambua kabla havijatoka vyote: vikuku vyake vya harusi, vile vile viwili alivyopeleka kwa sonara.

"Nililetewa hivi mlangoni kwangu, usiku, nikaambiwa ni zawadi, na ninachoombwa ni karatasi moja tu ya marehemu," alisema mama. "Mtu aliyenijia nilimfungulia kwa sababu namjua. Na humu ndani yumo, mheshimiwa. Nimwoneshe?"

Kiti kingine kikasogea, na safari hii kilikuwa cha mtu anayetaka kutoka.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO